Kusafiri Peke Yako kwa Pikipiki Kutoka Dodoma: Namna ya Kujilinda Njiani

Anayesafiri peke yake kwa pikipiki akianguka, nyuma yake hakuna wa kumwona. Katika barabara za Dodoma, hasa zile za vumbi zinazoiacha lami na kuingia vijijini, saa nzima inaweza kupita bila chombo chochote kutokea, na jeraha ambalo mjini lingeshonwa likasahaulika linaweza kuwa la hatari kwa sababu ya kungoja tu. Kwa hiyo, pamoja na kujitahidi usianguke, ni lazima ujiandae kufupisha muda kati ya kuanguka na kuonekana.

Kabla ya kuondoka, mpe taarifa mtu mmoja ambaye una hakika hupokea simu. Kumwambia kwamba unakwenda Iringa hakutoshi. Mwambie hivi: "Natoka Dodoma saa moja asubuhi, nitakupigia nikifika Chipogolo, na tena nikishavuka Mtera, ikifika saa saba mchana sijakupigia kutoka Iringa, anza kunitafuta." Safari hiyo ni ya takriban kilomita 260, ina kona za mlima Nyang'oro, na mabondeni si busara kutegemea mtandao, ahadi ya saa maalumu hufanya kazi hata simu yako ikiwa imezimika. Njiani, kariri jina la kila kijiji unachokipita, kwa maana anayekuja kukusaidia atakuuliza kwanza uko wapi.

Simu yenyewe ikae mwilini, katika mfuko wenye zipu. Somo hili nililipata kwa maumivu. Miaka kadhaa iliyopita niliingia kwenye mchanga wa korongo kavu nikiwa na haraka, gurudumu la mbele likazama, na pikipiki ikanilalia mguu wa kushoto. Simu ilikuwa kwenye begi nililolifunga nyuma kwa mpira, hatua moja na nusu kutoka mkono wangu ulipoishia. Nililala pale nikiisikia ikiita mpaka kijana mchunga mbuzi alipotokea, akaniamkia kwanza kwa adabu zote, kisha ndipo akaiinua pikipiki. Kadi yenye jina lako, namba ya ndugu na dawa zinazokudhuru nayo iwe mwilini, kwa sababu simu iliyofungwa kwa namba ya siri haimsaidii aliyekukuta umezirai.

Kuhusu mavazi sitasema mengi: kofia ngumu inayokubana vizuri na kufungwa kidevuni, koti zito, glavu, na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Kandambili hazifai hata kwa safari ya kwenda dukani.

Ukaguzi wa asubuhi huchukua dakika tano. Bonyeza breki zote mbili, tazama kama cheni imelegea, washa taa ya mbele na ya nyuma, kisha pitisha kiganja polepole juu ya tairi zote ukitafuta miiba, kwani migunga ya huku hudondosha miiba mirefu ambayo huweza kukaa kwenye mpira siku mbili kabla ya kufika kwenye tyubu. Beba tyubu moja, pampu, spana ya kufungulia gurudumu na vyuma viwili vya kubandulia tairi. Lakini kuwa navyo ni jambo moja na kuvitumia ni jingine; jifunze nyumbani, kivulini, kabla jua la Bahi halijakufundisha. Maji yasipungue lita mbili.

Ukiwa barabarani, kumbuka kwamba kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde, na sekunde ya kwanza huishia katika kushtuka tu. Madereva wengi huiogopa breki ya mbele kwa imani kwamba itawarusha, ilhali kwenye lami kavu ndiyo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha. Ikaze taratibu pamoja na ya nyuma, usukani ukiwa umenyooka. Kwenye mchanga mambo hubadilika: punguza mwendo kabla ya kuuingia, weka gia ndogo, sogeza uzito nyuma kidogo, tazama mbali, na uendelee na mafuta yaleyale bila kugusa breki ya mbele. Pikipiki itayumba, iache iyumbe, usipigane nayo.

Wakati wa masika korongo lililokuwa kavu asubuhi linaweza kujaa alasiri kwa mvua iliyonyesha milimani, mbali na ulipo. Usipoiona ardhi iliyo chini ya maji, usivuke. Ngoja, hata kama wenyeji wanavuka kwa miguu.

Ng'ombe wakikatiza barabara, simama, wala usipige honi. Kundi halipendi kugawanyika, na ndama aliyebaki upande wa pili atakimbia kumfuata mama yake hasa wakati unapodhani njia imefunguka. Mbuzi hukimbia ovyo, na punda husimama katikati akatafakari. Kwenye barabara ya Morogoro na ile ya Singida adui ni malori makubwa yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo: linapokuja mbele yako, inama kidogo, kumbatia tangi kwa magoti na utarajie dharuba ya upepo. Basi linalokuja mbele yako likilipita lori na kuingia upande wako, wewe ndiye utakayetoka barabarani, hivyo kila mara tazama mapema kama ukingo wa lami una shimo au umesawazika.

Panga kufika kabla ya saa kumi na mbili jioni. Giza la huku huingia haraka, na trela bovu lisilo na taa halionekani mpaka umeshalifikia.

Ukianguka, zima injini, ujipapase kuanzia shingoni kabla ya kusimama, kisha toka kwenye njia ya magari. Weka matawi ya miti barabarani pande zote mbili, umbali wa hatua mia hivi, kwa kuwa kila dereva wa Tanzania anaijua ishara hiyo. Kama umeumia, piga 112, kisha mpigie yule uliyempa taarifa. Usiiache pikipiki ukaingia porini kutafuta njia ya mkato, maana watakaokutafuta wataifuata barabara.

Na ukifika salama, mpigie kabla hujavua kofia, asije akaanza safari ya kukutafuta wakati wewe unakunywa chai.