Namna ya kutazama michoro ya Tshibumba, kutoka ukumbusho hadi historia

Mfungwa amelazwa kifudifudi, anachapwa fimbo; ofisa mzungu amesimama kando, na bendera ya Ubelgiji iko juu. Mchoro huo, unaoitwa "Colonie belge", yaani koloni la Ubelgiji, ulitundikwa katika sebule nyingi za Lubumbashi, Congo. Mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka 1947 mji ukiwa bado Élisabethville, aliurudia mara nyingi. Ukitaka kumwelewa, anzia kwenye kurudia huko.

Tafuta picha 6 za kazi zake, mbili mbili za somo moja: "Colonie belge" mbili, Lumumba mbili, mamba muntu (nguva, nusu mtu nusu samaki) mbili. Zichapishe kwa rangi kwenye karatasi za A4. Simu haitoshi, kwa sababu maandishi yanapotea, na kwa Tshibumba maandishi ni nusu ya kazi. Ziweke sambamba, kisha uhesabu: watu wangapi, nani anamtazama nani, bendera ipi, nini kimeongezwa na nini kimeondolewa. Tofauti ndogo ndizo zitakazokuonyesha anavyofikiri. Wengi hukosea hapa: wakiona picha inafanana na nyingine, wanasema fundi hana ubunifu. Lakini mteja alikuwa ananunua ukumbusho, kitu cha kumfanya yeye na wageni wake waongee mambo waliyopitia, na ukumbusho usiotambulika haumfai mtu.

Kisha soma maneno. Mwaka ulioandikwa kwenye mchoro mara nyingi ni mwaka wa tukio. "1885–1959" haisemi lini ulichorwa, na "17 janvier 1961" ni siku alipouawa Lumumba, wakati mchoraji mwenyewe alikuwa bado kijana mdogo. Kifaransa chenye makosa kinakili kama kilivyo. Ukikisahihisha, umefuta mkono wake.

Mchoro wa kifo cha Lumumba na wenzake waliouawa pamoja naye, Mpolo na Okito, unastahili angalau dakika 15. Simama kwanza mita 2 mbali: utaona mwili ulalao na misalaba mitatu nyuma, kama Golgotha. Sasa sogea karibu. Damu itokayo ubavuni inaandika chini neno moja, "unité", na nyota sita ziko juu. Tshibumba alimwona Lumumba kama Bwana Yesu wa nchi hii, aliyekufa kwa ajili ya umoja wake, na mchoro unasema hivyo bila kuficha. Hakuna kazi yake nyingine inayoonyesha vizuri zaidi jinsi alivyogeuza habari kuwa hoja.

Hatua kubwa ya safari yake ni 1973 na 1974. Alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu hapa Lubumbashi, mfululizo wa michoro 101 ya historia ya Zaïre, jina la Congo wakati huo, na wakazungumza juu yake kwa Kiswahili cha huku kwetu. Wauzaji wa ukumbusho walichora picha moja moja. Yeye sasa anazipanga. Bankambo, yaani mababu, wako mwanzo, kisha ukoloni, wakiwemo wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waliouawa katika mgomo wa Desemba 1941, kisha uhuru na vita, na mwishoni ndoto na siku zijazo. Kwa hiyo usitafute mabadiliko katika rangi au mstari, maana mkono wake haukubadilika sana. Fuata mpangilio: chukua picha yoyote ya mfululizo, uitazame pamoja na inayoitangulia na inayoifuata. Ikiwa peke yake, inapoteza nusu ya maana.

Kulinganisha kunasaidia. Weka kando kazi ya Mwenze Kibwanga, wa karakana ya Hangar iliyoanzishwa mjini humu mwaka 1946 na Pierre Romain-Desfossés. Mwenze anajaza uso wote kwa mistari mifupi iliyobanana. Macho yanapumzika kwenye urembo. Tshibumba hakupi mahali pa kupumzika.

Ukibahatika kushika mchoro halisi, geuza nyuma. Alitumia kitambaa cha mifuko ya unga, na wakati mwingine chapa ya kiwanda bado inaonekana. Usiukunje. Ukilazimika kuuviringisha, rangi iwe upande wa nje na mzingo uwe mpana, la sivyo rangi itabanwa na kupasuka. Saini na chapa ya unga pekee si uthibitisho kwamba mchoro ni wake: uliza umepita mikononi mwa nani, maana mwenyewe alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980 na hawezi kuulizwa.