Somo: Kuizunguka Ghuba ya Speke kwa baiskeli, Mwanza hadi Ukerewe

Wadau, tangu nirudi mara ya tatu nimekuwa nikijibu maswali ya safari hii vipande vipande, huyu leo, yule kesho. Sasa nayaandika yote mahali pamoja.

Njia ya kuizunguka ghuba hii ya Ziwa Victoria ni hii: Mwanza, Kisesa, Magu, Lamadi, Bunda. Pale Bunda unakata kushoto kuifuata rasi hadi Kisorya, unavuka kwa kivuko hadi Rugezi, unaendesha hadi Nansio, kisha unarudi Mwanza kwa meli. Ni kilomita 250 na ushei za kukanyaga pedali. Utakuwa umepita mikoa ya Mwanza, Simiyu na Mara, na kuingia tena Mwanza kwa upande wa visiwani. Mtu wa afya ya kawaida anaimaliza kwa siku 5.

Nimeona watu wakiishia njiani, na hata siku moja sijaona aliyeishia kwa sababu ya miguu. Huwaangusha gurudumu la nyuma, au huwaangusha saa ya kuondoka. Kwa hiyo hayo mawili nitayaeleza kwa urefu, mengine nitayapitia.

Hatua ya 1: Chagua baiskeli ambayo fundi wa kijijini anaijua

Safari yangu ya kwanza nilikwenda na baiskeli ya gia ya mtumba, nyepesi, inavutia macho. Nyuma nilifunga mzigo wa kilo 25. Tulipoiacha Magu, kabla ya kufika Lamadi, nikasikia "tang!" kama mtu amekata waya. Spoki moja. Nikaendelea. Kilomita chache mbele ikakatika ya pili, kisha ya tatu, na rimu ikaanza kugusa breki kila inapozunguka.

Spoki za gurudumu la nyuma hukatika zaidi upande wa cheni. Kwenye baiskeli ya gia, meno yamejaza nafasi upande huo, kwa hiyo spoki za huko zimesimama wima na zimekazwa kuliko za upande wa pili. Mzigo unaziumiza hizo kwanza. Tena huwezi kuchomeka spoki mpya bila kung'oa friwili, yaani yale meno ya nyuma, na kifaa cha kuing'olea fundi wengi wa barabarani hawana, kwa sababu baiskeli wanazotengeneza kila siku hazikihitaji.

Fundi niliyemkuta alikuwa ameketi chini ya mti, na sanduku la bati, pampu na beseni la maji ya kutafutia pancha. Spoki alizokuwa nazo zote ni za baiskeli kubwa, ndefu kuliko zangu. Akaichukua moja, akaikata kichwa, akaikunja ncha kwa koleo hadi ikawa kama herufi S. Akaipenyeza ile ndoano kwenye tundu la habu (kitovu cha gurudumu), kati ya meno na spoki nyingine, bila kung'oa chochote. Akaivuta, ikashika. Akaikaza upande wa rimu kwa nati ya ile iliyokatika, akaigonga kwa ukucha akisikiliza mlio, akakaza tena kidogo. Zote tatu alizimaliza kabla chai yangu haijapoa. Spoki zile zilinifikisha Nansio, na mpaka leo moja nimeitunza.

Toka siku hiyo natumia Phoenix. Ni nzito, haina gia, lakini gurudumu la nyuma la baiskeli za mtindo huo wa zamani kwa kawaida lina spoki 40, wakati nyingi za gia zina 36 au 32. Friwili yake ni ndogo, spoki inapita pembeni yake, na spea utaipata kwenye kila senta. Kama tayari unayo baiskeli ya gia, usiiuze kwa ajili yangu. Nunua spoki 6 za urefu wake kamili, zifunge kwa gundi ya karatasi kwenye fremu, na beba kile kifaa cha friwili. Kina uzito kama wa kufuli dogo.

Kabla ya kuondoka, mpe fundi unayemwamini afungue habu zote mbili, abadilishe gololi, atie grisi mpya. Wewe mwenyewe shika spoki mbilimbili, uzibane kwa vidole gurudumu zima. Iliyolegea utaijua.

Hatua ya 2: Mzigo usizidi kilo 10

Thomas Stevens, mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli, aliondoka San Francisco Aprili 1884 akiwa juu ya baiskeli ya gurudumu kubwa la mbele, akamaliza Yokohama Desemba 1886. Mzigo wake ulikuwa soksi, shati la akiba, koti la mvua lililokuwa hema na kitanda chake, na bastola ndogo. Wewe unakwenda Bunda. Bastola iache, na suruali tatu za jinzi ziache pia.

Beba shati la mikono mirefu, kaptula mbili, kanga au kikoi (taulo, shuka na pazia kwa pamoja), chandarua, koti la mvua, tyubu 2, viraka na solusheni, sipana, pampu, tochi, paketi za chumvi ya kuongezea maji mwilini, na dawa zako. Chakula nitakitaja mwishoni kwa sababu najua kitaulizwa.

Mzigo ufungie kwenye keria kwa vipande vya tyubu kuukuu, usitumie kamba. Kamba hulegea kila baada ya shimo, tyubu inavutika na kurudi. Kitu kizito kiwe chini, karibu na tandiko. Kikining'inia nyuma ya ekseli, mbele kunakuwa kwepesi na usukani unacheza.

Hatua ya 3: Mazoezi

Wiki sita zinatosha. Mara tatu kwa wiki, na Jumamosi uende Usagara au Kisesa na kurudi ukiwa na mzigo kamili. Wakati wa kukanyaga, goti libaki limekunjika kidogo pedali inapofika chini kabisa. Watu wengi wanakaa chini mno.

Hatua ya 4: Ondoka kabla jua halijachomoza, acha kuendesha saa 5

Kwetu huku magharibi jua huchelewa kuliko Dar es Salaam, huchomoza karibu saa 12:45 asubuhi. Mwanga wa kuona barabara unakuwepo kama dakika 20 kabla. Saa 12:30 uwe juu ya tandiko. Ukienda kilomita 15 kwa saa, kilomita 60 zinaisha kabla ya saa 5 hata ukisimama kunywa chai mara mbili.

Baada ya hapo mambo matatu yanakuja kwa pamoja. Jua linakuwa kali, upepo wa kutoka ziwani unaamka na kukupiga ubavu wa kushoto, na mabasi na malori yanaongezeka. Katika msimu wa pamba malori ni mengi zaidi na yamejaza hadi juu. Ukiona lori mbele na basi nyuma yako vinakutana usawa wako, shuka pembeni mapema. Usisubiri honi.

Wanaojiambia "nitapumzika mchana niendelee jioni" ndio niliowakuta wakiendesha gizani bila taa. Barabara hii usiku siyo ya baiskeli.

Hatua ya 5: Siku kwa siku

Siku ya 1, Mwanza hadi Magu, kama kilomita 60. Ukifika Kisesa, Bujora ipo karibu na barabara, palipo na makumbusho ya Wasukuma. Ingia, hutapoteza muda. Nilisimama pale nikiwafikiria wapagazi wa Kisukuma na Kinyamwezi waliotembea na mizigo kichwani hadi Bagamoyo, safari ya miezi, na mimi nilikuwa nalalamikia tandiko.

Siku ya 2, Magu hadi Lamadi, kama 60 nyingine. Tambarare, mashamba ya pamba na mpunga, ng'ombe wengi barabarani. Salimia. "Mwangaluka" asubuhi, "mwadila" mchana. Salamu hiyo imewahi kunipatia maji, kivuli, na onyo kuhusu daraja lililokuwa likitengenezwa mbele.

Siku ya 3, Lamadi hadi Bunda, kama 35 tu, na nimeifanya fupi makusudi. Hapa Hifadhi ya Serengeti inashuka hadi karibu kabisa na ziwa, na lango la Ndabaka liko kandokando ya barabara, mkono wa kulia. Tembo, nyumbu na nyani huvuka. Kipande hiki pekee usiondoke gizani. Subiri hadi saa 1:30, magari yawe yameanza kupita, na muulize mtu wa Lamadi kama tembo wameonekana usiku. Ukimwona tembo, simama mbali, geuza baiskeli, subiri gari lipite upite nalo. Mito ya Mbalageti na Grumeti utaivukia darajani. Usishuke kunawa, kuna mamba. Tena usivae bluu wala nyeusi. Mbung'o wanazifuata rangi hizo, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo.

Siku ya 4, Bunda hadi Kisorya, 80 na ushei, ndiyo siku ndefu. Ukichoka, lala Kibara.

Siku ya 5, kivuko, Rugezi, Nansio. Vijiji vya Ukerewe vimebanana, miembe na michungwa hadi kando ya njia, na baiskeli ni nyingi kuliko magari. Ni siku niipendayo kuliko zote. Meli ya kurudi Mwanza huchukua saa 3 hivi.

Neno moja juu ya vyombo vya majini. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara na kuua zaidi ya watu 200, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake. Ukiona chombo kimejaa, baki. Nansio pana gesti, na kesho kuna safari nyingine.

Maswali ya wadau

*Mdau wa Igoma: Mkuu, jasho la siku nzima, naruhusiwa kuoga ziwani jioni?*

Ndugu yangu, kichocho. Wadudu wake wanatoka kwenye konokono wa maji ya kina kifupi yenye magugu, pale pale mtu anapotaka kuoga, na wanapenya ngozi hata kama hukunywa maji. Oga ya ndoo gesti. Kama umeshaingia, usikae na wasiwasi. Baada ya miezi miwili nenda ukapime, dawa ipo.

*Mdau wa Nyegezi: Nataka kwenda peke yangu na ni mwanamke. Unanishauri nini?*

Dada, kwa safari ya kwanza tafuta mwenzio, na hilo nawaambia wanaume pia. Ukiamua kwenda peke yako, fika senta kabla ya mchana, chagua gesti inayoendeshwa na familia, na asubuhi mwachie mtu mmoja nyumbani jina la mji utakaolala. Palipo na kijiji tu bila gesti, anza kwa mwenyekiti au mtendaji. Ukishakuwa mgeni wa mwenyekiti umekuwa mgeni wa kijiji kizima.

*Mdau wa Bukoba: Kwa nini usipite upande wetu? Daraja lipo siku hizi.*

Kweli, daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, na lina njia ya waendao kwa miguu pembeni. Sengerema na Geita zimekuwa jirani. Lakini hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 400, milima ya Muleba haina huruma kwa baiskeli isiyo na gia, na kuna vipande virefu vya msitu bila senta. Maliza kwanza mzunguko huu, ule uwe wa pili.

*Mdau wa Kirumba: Je, mtumbwi wa makasia kutoka Mwanza moja kwa moja hadi Ukerewe?*

Usifanye hivyo. Ghuba inaonekana shwari saa 1 asubuhi, saa 6 mawimbi yanaingia ndani ya mtumbwi. Ukitaka makasia, yapige kandokando ya ufuko, asubuhi tu, na koti la kujiokolea limefungwa mwilini, na mvuvi wa eneo hilo awe nawe. Yeye anajua mahali viboko wanapolala.

*Mdau wa Buhongwa: Baiskeli ikifa kabisa katikati?*

Iache kwa mwenyeji, endelea. Kazimierz Nowak wa Poland alianza kuivuka Afrika kwa baiskeli mwaka 1931. Ilipomshinda alitembea kwa miguu, akapanda farasi na ngamia, akapiga makasia, na hakukoma hadi 1936. Kati ya Magu na Bunda hukosi baiskeli ya kukodi wala mtu wa kutembea naye.

*Mzee wa Ilemela: Mwanangu, na chakula?*

Shikamoo mzee. Asubuhi chai na chapati mbili, mchana ugali na sato mahali utakapolala. Njiani nabeba michembe na matobolwa, nusu kilo kila kimoja. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, inataka kupikwa, kwa hiyo hiyo nampa mama wa gesti anichemshie na karanga jioni. Matobolwa yameshachemshwa kabla ya kuanikwa. Unatia vipande viwili mdomoni, unaviacha vilainike polepole, na vinakupeleka kilomita kumi. Nanunua yangu soko la Kisesa. Uliza yaliyoanikwa juu ya mwamba, hayana mchanga.