Jinsi ya kulipia SHA kama mapato yako ni ya leo yapo, kesho hayapo

Kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), inayosimamia bima ya afya ya umma hapa Kenya, si kazi. Piga *147# au ingia tovuti ya Afya Yangu ukiwa na kitambulisho, na vyeti vya kuzaliwa kama una watoto. Mafundi wa mjengo, watu wa boda na mama mboga hukwama baada ya hapo.

Kwanza jua mwezi huu uko upande gani. Ukiwa kwenye orodha ya mishahara, hata kwa kandarasi ya miezi mitatu, mwajiri hukata asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine, na anatakiwa kuwasilisha pesa hizo kwa SHA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ukilipwa KSh 18,000, unakatwa 495. Ukilipwa 9,000, hesabu inatoa 247.50 lakini utakatwa 300, kwani hakuna mchango ulio chini ya hapo. Kukatwa si kuwasilishwa. Tunza hati ya malipo ya kila mwezi na uangalie hali yako kwa *147#, usije ukagundua pengo ukiwa dirisha la hospitali.

Kibarua kikiisha, mambo yanageuka. Sasa unahesabiwa kama aliyejiajiri, na mchango ni wa mwaka mzima, unalipwa mapema. Hapa ndipo wengi wanapoumia: wanatuma 300 wakidhani wamelipia mwezi. Kama umepangiwa KSh 500 kwa mwezi, unadaiwa 6,000, na mpaka zitimie hospitali ya ngazi ya 4 kwenda juu itakuona hujalipa.

Kiasi hicho hutokana na tathmini ya uwezo wa kaya, na hii ndiyo hatua ya kutuliza akili. Hakuna anayekuuliza hati ya mshahara. Maswali ni ya nyumba na maisha: ukuta na paa ni vya nini, maji unatoa wapi, unapikia nini, mko wangapi. Usimwachie mtu akujazie harakaharaka huku wewe ukihudumia wateja. Mpangaji aseme ni mpangaji. Taja wote mnaokula chungu kimoja. Kama kuna swali la kipato, usijibu kwa mwezi wa mavuno au wa Desemba. Jumlisha miezi 12, ile mikavu ikiwemo, ugawanye kwa 12. Jibu kweli tupu, lakini lisome swali mara mbili. Kiasi kikitoka kikubwa kuliko hali yako, usilipe kwanza: nenda dawati la SHA katika Huduma Centre uombe tathmini ipitiwe upya.

Kulipa ni M-Pesa, Paybill 200222, nambari ya akaunti ikiwa kitambulisho cha mwenye kaya. Tarakimu moja ikikosewa, pesa zinaweza kwenda kwa mwingine, kwa hiyo soma kabla ya kubonyeza PIN.

Kukusanya 6,000 kwa mkupuo ni mlima kwa anayelipwa kwa siku. Shilingi 17 kila siku, kwenye akiba usiyoigusa, zinatosha kwa mwaka. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole upo pia, ila ujue ni mkopo: mwaka unalipiwa, nawe unarudisha kidogokidogo.

Na kama hujapata hata senti, jisajili tu. Zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3 vilivyo na mkataba na SHA humtibu aliyesajiliwa bila kudai mchango.