Kabla hujajiunga na vyama vya herufi za Kigiriki

Kama unaenda kusoma Marekani na unavitamani vile vyama vya wanafunzi vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki (fraternity na sorority), usikurupuke wiki ya kusajili wanachama wapya. Omba mchanganuo wa ada kwa maandishi: ya mwanachama mpya, ya muhula, ya makao makuu, hata fulana na sherehe. Hizo ndogondogo ndizo zinazotoboa mfuko. Halafu ingia tovuti ya chuo, tafuta ripoti ya unyanyasaji wa wanachama wapya. Sheria iliyosainiwa Desemba 2024 inavitaka vyuo kuitoa hadharani. Tawi la chama unachokitaka likitajwa humo, mimi ningeachana nalo, hata liwe na jina kubwa vipi. Waulize pia wahitimu waliokuwa wanachama. Kwenye vyama vya Wamarekani Weusi kama Alpha Kappa Alpha, kilichoanzishwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908, wengi hubaki wanachama hai hadi uzeeni.