Kuosha na Kung'arisha Boti ya Faiba Bila Kuacha Michirizi

Michirizi kwenye ubavu wa boti ya faiba hutokana na maji, sabuni au polishi kukauka kabla ya kufutwa. Hapa Tengeru, karibu na Arusha, ambako mitumbwi ya faiba hutumika katika Ziwa Duluti, jambo hilo huzidishwa na jua la nyanda za juu na pia na maji yenyewe. Maji ya visima vingi vinavyouzunguka Mlima Meru yana magadi na madini mengine, nayo humdanganya mtu, kwa kuwa sabuni hutoa povu zuri ndani yake na mwoshaji akadhani amepata maji safi, ilhali yakikauka huacha unga mweupe. Mahali ambapo wenyeji wamepata meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi, mojawapo ya madini hayo ya majini, usitarajie kwamba maji ya kisima yatakuachia boti isiyo na alama.

Kwa hiyo, kabla ya kununua dawa yoyote, tafuta maji ya mvua. Kuosha kwenyewe kunaweza kufanywa kwa maji ya bomba, lakini ndoo mbili za maji yaliyokingwa kutoka kwenye bati na kuhifadhiwa kwenye simtanki zinatosha kwa suuza ya mwisho ya mtumbwi wa watu wawili. Nimejaribu shampuu za bei kubwa na za bei ndogo, na sikuona tofauti iliyofikia ile iliyoletwa na ndoo hizo mbili.

Boti isioshewe ziwani. Duluti ni ziwa dogo la kreta lililozungukwa na msitu wa hifadhi, na sabuni haitakiwi humo. Ipeleke mbali na maji, uipindue juu ya matairi mawili chakavu chini ya kivuli, kisha uweke kiganja juu yake: kama bado ina joto, subiri. Saa za asubuhi kabla ya saa nne ndizo bora, na miezi ya Juni na Julai, ambayo mawingu hufunika Arusha tangu alfajiri hadi karibu adhuhuri, humpa mtu muda mrefu zaidi wa kufanya kazi bila haraka.

Anza kwa kumwaga maji mengi bila kusugua, ili vumbi liondoke. Vumbi letu la volkano lina chembe kali, na anayeanza kwa sponji kavu anaipiga boti msasa bila kujua. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni ya maji na nyingine ya kusuuzia sponji kila inapochafuka. Sabuni ya unga haifai, kwa sababu chembe zake zisipoyeyuka zote huacha utando, na stilwaya isiguse faiba kamwe. Osha eneo la ukubwa wa mkeka mdogo, lisuuze, ndipo uhamie jingine. Mstari wa kahawia unaobaki pale maji ya ziwa yalipofikia hutoka mara nyingi kwa siki iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa, ikiachwa dakika tatu au nne na kusuuzwa kabla haijakauka. Siki hiyo isikutane na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe yenye klorini, maana mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Baada ya suuza ya maji ya mvua, futa mara moja kwa kitambaa laini cha pamba au cha mikrofaiba, ukikivuta kuelekea upande mmoja na kukikamua mara kwa mara.

Sasa pitisha kitambaa cheusi kikavu juu ya ubavu. Kikitoka na unga mweupe kama chaki, jua limeunguza jelikoti, yaani tabaka la juu linaloipa boti rangi na mng'ao, na nta peke yake haitarudisha kitu. Hapo itakubidi utumie dawa ya kusugulia ambayo mafundi wa rangi za magari huitumia, kwa mkono au kwa mashine iendayo taratibu isiyotulia mahali pamoja. Jelikoti kwa kawaida ina unene wa karibu nusu milimita tu, kwa hiyo kazi hii isifanywe kila mwezi. Fundi anayependekeza msasa kila boti inapofifia anakula mtaji wako.

Nta ndiyo inayoharibu kazi ya wengi. Mara ya kwanza nilipoipaka, niliufunika ubavu mzima adhuhuri, kwa tabaka nene, nikiamini kwamba wingi ndio mng'ao; nilipoanza kufuta, nusu ya kwanza ilikuwa imegandamana kama uji uliokauka kwenye mwiko, nami nikashinda hadi magharibi nikiisugua. Paka kiasi kidogo sana, eneo la urefu wa mkono mmoja, kwa mizunguko midogo. Ngoja ififie na kuwa kama ukungu, kisha ipitishie kidole: ikiacha njia safi bila kuvutika, futa kwa kitambaa kingine kikavu, ukikigeuza kila upande unapojaa.

Michirizi ya nta haionekani ukisimama mbele ya boti. Chuchumaa kwenye ncha yake utazame ubavu kwa mshazari dhidi ya mwanga. Ukiona mistari yenye mafuta, usiongeze nta. Lowesha kitambaa kwa matone machache ya maji ya mvua, upitishe juu yake, kisha ukaushe kwa kitambaa kikavu. Sakafu ya ndani na viti visipakwe nta kabisa, kwa sababu atakayepanda na viatu vilivyolowa atateleza.