Andika swali la mwisho kabla ya kipindi cha kwanza: mada ya sehemu, Darasa la Tano

Kwa miaka mingi nilifundisha sehemu, yaani namba kama 1/2 na 1/3, kama nilivyofundishwa mimi: tafuta KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika), badili asili (namba ya chini), jumlisha kiasi (namba ya juu), rahisisha. Watoto walikokotoa vizuri, nami kwenye andalio la somo nikawa najaza, "Somo limeeleweka." Siku moja, tukisubiri kengele, niliuliza kwa mdomo tu: kati ya 1/6 na 1/8, ipi kubwa? Karibu darasa zima likaitikia, "Moja ya nane!" Nane si kubwa kuliko sita? Watoto hao hao walikuwa wametoka kujumlisha sehemu hizo ubaoni na kupata 7/24 bila kosa.

Tangu siku hiyo napanga mada nikianzia mwisho. Kabla sijagusa azimio la kazi, nachukua karatasi tupu na kuandika swali moja ambalo aliyekariri hatua atakwama nalo, na aliyeelewa atalijibu hata kwa mchoro. La mada hii ni hili: "Juma amejumlisha 1/2 na 1/3, akapata 2/5. Usikokotoe. Mweleze Juma kwa nini jibu lake haliwezekani."

Swali la namna hii haliji mara moja. La kwanza niliandika, "Eleza maana ya sehemu," nikaletewa maneno ya kitabuni, herufi kwa herufi. Kipimo changu sasa ni hicho: kama jibu linaweza kunakiliwa kutoka kitabu cha kiada, swali halijaiva.

Ukilipata, jiulize mtoto anatakiwa awe ameona nini ili aweze kulijibu. Kwa Juma ni mambo matatu. Vipande lazima vilingane. Asili ikikua, kipande kinapungua. Na vipande visivyolingana havihesabiki pamoja mpaka vikatwe upya. Hayo ndiyo mada yenyewe. KDS ni njia ya kujua vikatwe vipi. Kwa hiyo niliiondoa kipindi cha kwanza nikaipeleka cha sita, kati ya vipindi kumi. Mwalimu mwenzangu alihofia kwamba hatutamaliza muhtasari wa somo, yaani mada zote zilizopangwa. Tulimaliza, kwa sababu vile vipindi vya kurudiarudia havikuhitajika tena.

Zana ndizo zilizonisumbua zaidi. Nilianza na machungwa, nikajuta: pingili hazilingani, na darasa la watoto sabini lenye machungwa matano linageuka uwanja wa kugombea. Chapati nayo jaribu kuigawa tatu sawa kwa kisu. Kilichofanya kazi ni utepe wa karatasi ya manila wenye urefu wa sentimita 24. Chagua 24 kwa makusudi: nusu ni sentimita 12, theluthi 8, robo 6, moja ya sita 4, moja ya nane 3. Yote yanapimika kwa rula ya kawaida, bila desimali. Kila watoto wawili wawe na seti yao, wakate wenyewe. Usiwakatie. Anayekata vipande vinane huku akiona vinavyozidi kuwa vidogo hahitaji kuambiwa kwamba 1/8 ni ndogo.

Na lugha yetu itumie. Neno "sehemu" mtoto amelijua kama kipande chochote, hata mahali; ndiyo maana anakuambia "nipe ile nusu kubwa" na haoni tatizo. Lizungumzeni hilo wazi. Kisha chukua "asili": kipande hiki asili yake nini, kimetoka kwenye utepe uliokatwa vipande vingapi? Na "kiasi": umechukua vingapi? Maneno haya yameshabeba maelezo, sisi huwa tunayapita kama lebo tu. Nyumbani nawatuma wakaulize wazee kuhusu pishi, kisaga na kibaba. Wanarudi na habari kwamba pishi ni visaga viwili, kisaga ni vibaba viwili, na hapo robo na nusu zinakuwa kitu cha kupimia mchele.

Siku ya swali la Juma, nilikuwa nimekata pia kipande cha 2/5, sentimita 9 na milimita 6. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hainui mkono, akapanga nusu na theluthi mkia kwa kichwa, sentimita 20. Chini yake akaweka kile cha Juma. Akakisogeza hadi kwenye nusu peke yake. Kikapungua. "Mwalimu," akasema, "Juma kaongeza, ikapungua!"

Baada ya hapo kuna kazi ambayo wengi tunairuka: kurekebisha mada ukiwa bado unaifundisha. Sisahihishi madaftari yote sabini siku hiyo. Nachukua kumi na mawili na kuyapanga mafungu matatu: waliopata na kueleza, waliopata bila kueleza, waliokosa. Fungu la kati ndilo ninalolisoma kwa makini, kwa kuwa ndilo lililonidanganya miaka yote. Kipindi kinachofuata kinaanza na sentensi moja kutoka humo, bila jina la mtoto, tunaijadili pamoja.

Na pale kwenye nafasi ya tathmini ya andalio la somo, andika kosa lenyewe jinsi mtoto alivyolisema. La mwaka huu nimeandika: "Wengi wanasema 5/6 na 7/8 ni sawa kwa sababu zote zimebakisha kimoja. Mwakani, kipindi cha nne: waweke vile vipande viwili vilivyobaki kimoja juu ya kingine."