Jinsi ya kusajili ndege ya mfano uliyoiunda mwenyewe nchini Marekani

Kama unaishi Marekani na mezani kwako kuna mbavu za bawa za balsa (ubao mwepesi sana) zinazosubiri gundi ikauke, huu ndio wakati wa kushughulikia usajili. Usingoje siku ndege iko uwanjani na betri imeshachomekwa. Kuunda ndege kutoka kwenye seti ya vipande huchukua majuma. Makaratasi yake yanakwisha jioni moja.

Ofisi inayohusika ni FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Kwa FAA, ndege uliyoigundisha kwa mikono yako na droni iliyotoka dukani ikiwa tayari ni kundi moja: chombo cha anga kisicho na rubani ndani. Wajenzi wengi hushangaa, kwa sababu ndege za rimoti zilikuwapo miaka mingi kabla ya droni. Hata hivyo, sheria iliyotiwa saini tarehe 5 Oktoba 2018 iliwawekea warushaji wa burudani njia yao nyepesi, isiyodai leseni ya urubani. Ila neno burudani linachukuliwa kwa uzito. Jirani akikuomba umpigie picha paa lake kutoka angani, hata kama hakulipi, hapo umeshatoka kwenye burudani, na utaratibu unakuwa mwingine.

Anza na mizani

Kabla ya kufungua kompyuta, pima ndege. Inayozidi gramu 250 (pauni 0.55) lazima isajiliwe, na njia hii inaishia kwa ndege iliyo chini ya pauni 55, yaani karibu kilo 25. Uzito unaohesabiwa ni wa ndege inavyoondoka ardhini: betri, propela, servo (vimota vinavyosogeza usukani), risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) na chochote ulichokifunga. Iweke kwenye mizani ya jikoni ikiwa kamili. Ndege ndogo ya povu inaweza kusoma gramu 200 ukadhani umenusurika, kisha betri ya lithiamu ya seli tatu ikaongeza gramu 70 na kukuvusha mpaka. Seti nyingi huandika kwenye boksi uzito wa fremu peke yake, kwa hiyo usiutegemee.

Ukibaki chini ya gramu 250 na unarusha kwa burudani, huhitaji kusajili. Masharti mengine, pamoja na mtihani, bado yanakuhusu.

Mtihani

Kila mrushaji wa burudani anatakiwa kufanya mtihani wa usalama unaoitwa TRUST. Ni bure, unafanyika mtandaoni kupitia taasisi zilizoidhinishwa na FAA, na orodha yake iko kwenye tovuti ya FAA. Unasoma maelezo kidogo, unajibu maswali ya kuchagua, na ukikosea unaelezwa sababu kisha unajibu tena mpaka upate. Kwa kuwa hakuna anayeshindwa, wengi huukimbiza. Nakusihi usome polepole, hasa sehemu ya aina za anga, maana ndiyo itakayokuambia kama uwanja ulioupenda unarushika au la.

Ukimaliza unapewa cheti. Kihifadhi papo hapo: pakua, piga picha, jitumie kwa barua pepe. Taasisi zinazotoa mtihani hazitunzi kumbukumbu yako, na ukikipoteza utaurudia wote.

Usajili wenyewe

Ingia kwenye FAADroneZone, mfumo wa FAA wenyewe. Kuwa mwangalifu hapa, kwani zipo tovuti nyingine zinazojifanya rasmi na kutoza fedha nyingi zaidi. Ada halali ni dola 5, na anwani ya tovuti halali inaishia na faa.gov.

Fungua akaunti, kisha uchague njia ya warushaji wa burudani. Usiingie kwenye njia ya Part 107, ambayo ni ya kazi na biashara: kule kila ndege hulipiwa na kupewa namba yake. Kwenye burudani namba ni ya kwako wewe, na ndege zote ulizo nazo huibeba hiyohiyo. Kwa mtu anayeunda ndege mpya kila msimu, tofauti hiyo ni kubwa.

Andaa anwani unayoishi, anwani ya posta kama ni tofauti, simu, barua pepe na kadi ya benki. Utaulizwa pia mtengenezaji na modeli ya ndege, kwa hiyo boksi la seti liwe karibu. Msajili lazima awe na miaka 13 au zaidi. Mtoto aliye chini ya hapo husajiliwa ndege yake na mzazi au mtu mwingine aliyefikisha umri huo. Kama si raia wala mkazi wa kudumu, hati utakayopewa FAA huichukulia kama utambuzi wa umiliki, si usajili wa Marekani.

Hati hudumu miaka 3. Unaporusha uwe nayo, ya karatasi au kwenye simu, pamoja na cheti cha TRUST, kwa kuwa polisi ana haki ya kuiomba. Ukirusha bila kusajili, faini ya kiraia inaweza kufika dola 27,500; kesi ikiwa ya jinai, faini inaweza kufika dola 250,000, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili.

Namba kwenye ndege

Zamani uliruhusiwa kuificha namba ndani ya chumba cha betri. Tangu 25 Februari 2019 lazima ikae nje, kwa sababu vyombo vya usalama viliogopa askari kufungua chombo kinachoweza kuwa na mlipuko ndani. Hakuna ukubwa uliowekwa. Inatosha isomeke mtu akiishika ndege.

Kalamu ya wino mzito juu ya karatasi ya plastiki ya kufunika bawa hufutika haraka, hasa kama ndege yako inatumia injini ya mafuta. Chapisha namba kwenye karatasi ya stika, ibandike chini ya mwili wa ndege nyuma ya bawa, mahali ambapo tumbo halisugui majani inapotua, kisha uifunike kwa utepe wa plastiki unaoonyesha. Futa eneo hilo kwa spiriti kwanza, la sivyo kona zitaanza kubanduka.

Utambulisho wa mbali

Hapa ndipo mjenzi hutofautiana na mnunuzi. Droni nyingi za dukani zina mtambo wa ndani unaotangaza namba na mahali zilipo. Ndege yako ya balsa haina. FAA ilianza kuusimamia kwa nguvu utaratibu huu tarehe 16 Machi 2024, na unazihusu ndege zote zinazotakiwa kusajiliwa. Una njia mbili.

Ya kwanza ni kununua kifaa kidogo cha kutangaza na kukifunga kwenye ndege, ukaandika namba yake ya utengenezaji kwenye akaunti yako. Mrushaji wa burudani anaweza kukihamisha kutoka ndege moja hadi nyingine, mradi zote zimeorodheshwa.

Ya pili ni kurusha ndani ya eneo lililotambuliwa na FAA, liitwalo FRIA, ambako kifaa hakihitajiki. Maeneo hayo huombwa na vyuo, shule na jumuiya za warushaji zinazotambuliwa, kama Academy of Model Aeronautics, iliyoanzishwa mwaka 1936. Kwa anayeanza, mimi napendekeza njia hii bila kusita. Klabuni utampata mtu wa kuishika ndege yako kwa ncha za vidole chini ya bawa, aangalie kama pua ni nzito au nyepesi, ajaribu usukani wa mkia kabla hujaiachia. Utapata pia kanuni za usalama za jumuiya, ambazo sheria inakutaka uzifuate.

Kibali cha anga

Katika anga isiyodhibitiwa huombi kibali: baki chini ya futi 400, ndege iwe machoni pako wakati wote, na uipishe ndege yoyote yenye watu. Karibu na viwanja vingi vya ndege anga hudhibitiwa, na hapo lazima uombe kwanza kupitia LAANC, mfumo wa FAA wa kuomba kibali cha anga, ndani ya programu za simu zilizoidhinishwa. Unachagua eneo, saa na kimo. Mara nyingi jibu huja ndani ya dakika chache. Ramani ikionyesha kimo cha sifuri, tafuta uwanja mwingine.

Ukiuza ndege, bandua namba yako kabla ya kuikabidhi na uiondoe ndege hiyo kwenye akaunti yako. Mnunuzi ataweka ya kwake.